Shaba Iliyoonekana Mara Tatu

Feza,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, za kufunga mlango kwa ndani, za shangazi yako wa Lubumbashi asiyependa watu wanaochelewa kuamka, na za vijana. Hayo nayaacha. Ninyi wawili mko misani sasa, padri atawaombea wasafiri, na mimi nimebaki nyumbani kwa kusema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nimebaki kwa sababu nina jambo la kukuandikia kabla hujapanda gari kesho, na kwa sababu leo nisingeweza kupiga magoti mbele za watu.

Kazi unayokwenda kuianza katika labo, maabara ya karakana mpya ya Chef, hukuipata kwa sababu ya diploma yako. Uliipata kwa sababu yangu. Uliponishukuru wiki iliyopita na kunipikia samaki, nilikula nikatabasamu. Unakumbuka siku Chef alipokuja hapa uani na gari lake, yeye aliyekuwa mkuu wangu pale fonderi, kiwanda chetu cha kuyeyusha chuma, kabla hakijafa. Alikaa kwenye kiti changu, akasema mama yako asikie:

"Papa Ilunga, ule mutoto yako minye namutaka ku labo yangu. Damu yako ninaijua. Weye ulikuwa muntu ya kusikilizana naye."

Mama yako akapiga makofi. Wewe ukaangalia chini kwa haya. Hakuna aliyeniuliza tulisikilizana juu ya nini, mimi na yule mtu. Ndilo ninaloliandika hapa.

Nianze mbali kidogo, nawe utanivumilia kama ulivyonivumilia siku zote. Unakumbuka mara ya kwanza nilipokuwekea kipande cha feleji laini, ile yenye kaboni kidogo, chini ya hadubini? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulitegemea kuona kitu cha kijivu kitupu. "Papa, iko sawa mugini!" ulisema, yaani ni kama mji, kwa kuwa uliona viwanja vyeupe vimepakana, na hapa na pale kiwanja cheusi. Nikakueleza kwamba vile vyeupe ni chuma chenyewe, karibu kisafi, laini. Na vile vyeusi ndimo kaboni ilimojificha, kwa matabaka membamba yaliyopangana. Feleji laini ina vyeupe vingi na vyeusi vichache. Ndiyo maana inapinda kabla ya kukatika, na kitu kinachopinda kabla ya kukatika kinampa mtu nafasi ya kukimbia.

Kisha nikakufundisha nyongeza. Kila unachotia ndani ya tanuru, hata kiasi cha chumvi ya mboga, kinaubadilisha ule mji mdogo. Manganizi inaishika salfa na kuiweka mahali isipodhuru. Isipokuwepo, salfa inakwenda kukaa kwenye mipaka ya chembe, yaani vile viwanja, na kukidhoofisha chuma. Alumini kidogo, au niobi kidogo sana, inazaa punje ndogo mno zinazozuia chembe zisinenepe ndani ya moto, na chembe zikibaki ndogo chuma kinapata nguvu bila kuwa kikavu. Na shaba? Shaba kidogo si dhambi, inaisaidia feleji kupambana na kutu. Ikizidi, na nikeli haipo kuizuia, ndipo ubaya unapoanza. Ukikipasha chuma moto ili kukifua, ngozi yake inaungua na kuwa magamba. Chuma kinaondoka na magamba yale, lakini shaba haiungui. Inabaki chini yake, inakusanyana, inayeyuka, inapenya kati ya chembe na chembe. Nyundo ikishuka, chembe zinaachana.

Hayo nilikufundisha vizuri. Nilikuwa mwalimu mzuri kwa mambo ambayo hayakunigharimu kitu.

Sasa tazama tulikozaliwa. Mji huu wote umekula shaba, umevaa shaba, umesomesha watoto kwa shaba. Hakuna mtu wa hapa anayeweza kuiogopa. Pale fonderi wazee wa tanuru walikuwa na desturi yao: chuma cha kwanza cha mwaka kikishayeyuka, mmoja anatupa ndani kipande cha waya wa shaba, kidogo kama ukucha, huku akitaja jina la babu yake aliyeyeyusha shaba kwa mivukuto. Niliwacheka, kisha nikatupa cha kwangu. Ukucha mmoja ndani ya tani za chuma haufanyi kitu, hilo nililijua kwa hesabu. Ila desturi ile ilituzoeza kuamini kwamba shaba haiwezi kumdhuru mtu wa kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ikaja ile miaka ya uozo. Siipendi lugha ya wanaoiita "la crise", yaani msukosuko, kama vile ni homa iliyotujia kutoka angani. Watu waliuza. Reli za zamani, ambazo zilikuwa malighafi yetu nzuri kuliko zote, ziliondoka kwa malori mchana kweupe, na mlinzi akapiga saluti. Ufunguo wa stoo ya nyongeza ulikuwa wangu. Siku moja nikafungua, nikakuta mifuko ya nikeli na manganizi imejazwa mchanga na kushonwa upya, tena kwa uzi mzuri, kwa mkono wa mtu aliyejali kazi yake. Nilikwenda kumwambia Chef. Hakunyanyua hata macho.

"Papa Ilunga, weye unapenda bintu ya bazungu. Chuma ni chuma."

Wakaanza kuyeyusha chochote kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mashine zilizokufa. Mota za umeme ziliingia tanuruni nzima, na nyaya zake za shaba tumboni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzichomoa. Mafundi walicheka wakasema mababu watafurahi mwaka huu. Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia kwamba mimi ni mtu wa hadubini, si mtu wa tanuru, nikarudi kwenye kiti changu. Kosa langu la kwanza ni hilo, na wala halikunisumbua usingizi.

Aliyesema ni Mukendi. Unamkumbuka Mukendi, mhunzi wa nyundo kubwa, yule Mkasai mwenye sauti ya kanisa aliyekutengenezea kikaango ulipopokea komunyo ya kwanza. Alikuja labo asubuhi moja akiwa amebeba kipande alichokikata kutoka kwenye kulabu ya kreni aliyokuwa akiifua. Ngozi ya kipande ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku kiangazi kizima.

"Papa Ilunga, hii chuma iko mugonjwa. Ninaipiga nyundo, inapasuka. Natumika hii kazi miaka makumi mbili, siyaone bintu ya vile. Angalia mu machine yako, uniambie iko na nini ndani. Mpaka unijibu, minye sipige tena."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mhunzi alisimamisha nyundo yake mwenyewe, akaja kuuliza. Nataka ulikumbuke hilo utakaposikia watu wakimtaja.

Fonderi haikuwa na maji wiki ile, kwa hiyo nikakileta kipande nyumbani pamoja na hadubini ndogo ya kubeba. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mkono wako ulikuwa tayari mzuri kuliko wangu. Ukakisugua kwenye msasa mkali, wa kati, mwembamba, ukikigeuza robo kila mara, kisha kwenye kitambaa chenye unga mweupe. Ukakiosha kwa kikombe kimoja cha maji. Ukatazama muda mrefu.

"Papa, kuna kintu ya rangi ya machungwa. Inatembea ku mipaka ya chembe, inaingia ndani."

Nikainama nikatazama. Nilijua kabla sijavuta pumzi ya pili. Ilikuwa pale, wazi, chini ya magamba, nyembamba kama uzi, imezizunguka chembe moja baada ya nyingine. Nikasema:

"Ni buchafu. Kitambaa yako ilishika shaba ya kipande ingine. Anza tena."

Ukaanza tena. Ukaniita. Ilikuwa palepale. Nikakwambia unga wako ni mchafu, ukabadilisha unga, ukaanza mara ya tatu, na jasho lilikuwa linakutiririka. Rangi ya machungwa ilikuwa palepale. Nami nikakuangalia usoni, mwanangu, nikakwambia: "Mikono yako njo michafu." Ulikwenda nyuma ya nyumba ukalia. Nilikusikia. Nilibaki nimekaa.

Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini nilikuanza wewe. Jibu si zuri. Nilitaka kuona kama uwongo ule unasimama. Nilijua nitapaswa kuusema kwa watu, na nikaujaribu kwanza kwa mtoto wangu aliyekuwa akiniamini, kama mtu anayeonja mboga. Uliuamini. Basi nikajua utauzika.

Usidhani sikuandika ukweli hata kidogo. Niliandika. Nilichora mipaka, nikaandika "shaba", nikaandika kwamba chuma hiki kisifuliwe kulabu wala mnyororo, nikampelekea Chef. Nilimkuta anakula samaki tomsoni wa kukaanga mezani, juu ya michoro ya kazi, anatoa miiba mdomoni na kuipanga ukingoni mwa meza. Alisoma karatasi yangu mpaka mwisho. Nakuapia aliisoma mpaka mwisho. Kisha akaikunja mara mbili akajifutia nayo vidole, kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha, akaitupa.

"Andika ingine. Feleji iko muzuri. Ile mipasuko ni ya muhunzi, alipasha moto kupita. Basage juu, bapake rangi, iende. Ku Kambove banaingoja."

"Na kama itakatika, Chef?"

"Basi itakatika ku mukono ya Mukendi."

Nikaandika. "Chembe za kawaida. Mipasuko imetokana na joto la kupita kiasi wakati wa kufua." Nikatia saini, na karatasi ilikuwa na alama ya mafuta ya samaki pembeni kwa sababu aliisogeza kwangu kwa vidole vilevile.

Kwa miaka nimejisimulia kwamba alinitishia nyumba, kwamba alinitishia kazi. Hakunitishia kitu, Feza. Hakupaza hata sauti. Alisema tu, "Mkono mtupu haulambwi," na kesho yake gunia la unga likafika mlangoni petu. Wakati ule mshahara ulikuwa hadithi, na unga ulikuwa unga. Tulikula bukari, ugali wa gunia lile, karibu miezi miwili. Wewe uliusifu weupe wake. Mama yako alinitumia kwa majirani kama mfano wa mume anayehangaika.

Kulabu ilisagwa juujuu, ikapakwa rangi ya manjano, ikaenda mgodini Kambove. Ilidumu mpaka mwanzo wa mvua. Siku iliyokatika haikupinda kwanza. Chini yake alikuwa Donatien, mume wa mama Odette, mtu aliyekuwa akifunga mizigo kwenye kreni tangu ujana wake na kujua kwamba kulabu nzuri hufunguka taratibu, humwambia mtu ondoka. Hii haikumwambia kitu.

Karatasi yangu ikatolewa kabatini. Ilisomwa uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, na saini yangu ikasomwa, na vichwa vikanigeukia kwa heshima, kwa sababu Papa Ilunga wa labo hasemi asichokiona. Mukendi alikuwa amesimama na aproni yake ya ngozi. Aliita mara moja tu, "Papa Ilunga?" Mimi nilikuwa naangalia kiatu changu.

Unajua yalikuwa majira gani. Yalikuwa majira ambapo Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walikuwa wakiambiwa waondoke kwetu, majirani tuliobatizana nao watoto, na watu waliokuwa wakikopa chumvi kwao jana wakaja leo kupima upana wa mlango ili wahamie. Wasingehitaji karatasi yangu ili kumfukuza Mukendi, wangemfukuza tu. Lakini wenzake walifukuzwa kama Wakasai. Yeye alifukuzwa kama Mkasai na muuaji. Chef alimwambia achague mwenyewe, kesi na gereza la Buluo au gari-moshi.

Walikaa kituoni wiki na wiki wakingoja mabehewa, familia kwa familia, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vitanda vilivyosimamishwa. Nilipita pale kwa baiskeli. Kulikuwa na njia nyingine, nami nilichagua ile ili watu waone sina la kuficha. Harufu ya pale sitaieleza. Mukendi aliniona akaja mpaka ukingo wa barabara. Alikuwa amekonda.

"Papa Ilunga, ile kipande. Ulikuta nini ndani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake.

"Bado natafuta," nikamjibu.

"Utafute muzuri. Juu kama haiko moto yangu, hii chuma itauwa bantu bengine."

Nikapanda baiskeli nikaondoka. Baadaye gari-moshi liliwachukua. Walisema mtoto wake mdogo alizikwa kando ya reli kabla hawajafika Kasai. Sijui kama ni kweli, na sijui kwa sababu sikuuliza.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu na tambarare. Hakuna aliyenishuku, hakuna aliyerudi kuniuliza. Fonderi ilikufa, mbuzi wanalala kwenye labo, na barabarani bado wananiita Papa Ilunga wa hadubini. Ningekufa hivyo, nikazikwa na kwaya. Ila Chef alikuja akakaa kwenye kiti changu na kutamka jina lako kwa mdomo ule.

Jumatano nilikwenda kwa mama Odette. Anauza makala, yaani mkaa, kwenye barabara ya Kamatanda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupanga makala yake, marundo madogo madogo, na mikono haikusimama.

"Minye nilimutemea ule papa Mukendi mate. Ku stasyon, mbele ya batoto yake. Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Siku yote?"

"Siku yote."

"Toka hapa."

Nilikuwa nimeshapiga hatua kumi aliponiita.

"Feza anajua?"

"Hapana."

"Basi weye haujasema kintu. Minye unaniambia juu siko na muntu. Mwambie mutoto yako, akuangalie mu macho."

Nilimchukia njia nzima nikirudi. Nilipofika kwenye mlango wetu nikakukuta unanawa mikono.

Najua unanawa mara tatu kabla ya kugusa kipande chochote. Mwalimu wako aliandika kwenye karatasi ya mwisho wa mwaka kwamba una usafi wa kipekee, mama yako akaisoma kwa sauti, na mimi nikatoka nje. Wewe hukuwahi kusema, lakini siku Donatien alipokufa uliniuliza kama kipande ulichokisugua vibaya ndicho kilichonizuia kuona ugonjwa wa chuma. Nilikwambia usijali, mambo hutokea. Nilikusamehe, Feza! Nilikuwekea mkono begani nikakusamehe kosa langu. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko saini.

Basi sikia. Mikono yako ilikuwa safi. Kitambaa kilikuwa safi, unga ulikuwa safi. Ilikuwa shaba. Uliiona mara tatu, na mara tatu uliiona vizuri.

Sina mahubiri. Mtu kama mimi akihubiri hata kuku watacheka. Lakini yule mtu namjua, na hilo naweza kukupa. Atakuita binti yangu. Hatapaza sauti. Atakula mbele yako, atakukaribisha, na hatakuletea kulabu siku ya kwanza. Atakuletea kitu kidogo kisicho na madhara. Mimi sikuanza na kulabu. Miaka mingi kabla yake, siku ya kuamkia Pasaka, taa ya hadubini iliungua, na kulikuwa na kipande kimoja kilichobaki. Niliandika "kawaida" bila kukitazama, nikawahi nyumbani. Kipande kilikuwa kizuri kweli, hakuna aliyeumia, nami nikajifunza kwamba inawezekana. Kingekuwa kibovu ningeumbuka mapema, na labda ningekuwa mtu mwingine.

Pia ujue kwamba hutaogopa. Nilikuwa nikidhani uovu huja na woga, moyo unadunda, mtu anajua yuko ukingoni. Siku ile nilikuwa na njaa na nilikuwa nimechoka, na kalamu ilikuwa inavuja, na nilichofikiria zaidi ni kalamu.

Sikukatazi kwenda. Hapa tunakula mara moja kwa siku, na wasichana wa umri wako wako Kamatanda wanaosha mawe ya madini, maji yamewafika kiunoni. Nikikwambia ubaki kwa ajili ya usafi wa jina langu, nitakuwa nimekutumia mara ya pili. Una mkono na una jicho. Karakana ile inavihitaji, hata kama mwenyewe hajui. Labda utaingia humo uandike "shaba" mahali penye shaba, akufukuze baada ya wiki moja, urudi nyumbani. Mlango huu utakuwa wazi, na sitakuuliza kwa nini.

Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, nitasimama kanisani nimtaje Mukendi, niseme nilichokiona na nilichokiandika. Nimekwisha kumwambia padri. Alitaka niseme kwenye kitubio tu, inatosha. Nikamwambia karatasi yangu haikusomwa kwenye kitubio. Mama yako nitamwambia leo, baada yako. Utakuwa Lubumbashi habari zitakapokufikia, na watu watakuuliza kama ni kweli. Wajibu kwamba ni kweli.

Wazazi wengi huichomeka barua ya namna hii ndani ya sanduku, isomwe mtoto akiwa mbali, mahali asipoweza kujibu. Nami nilifikiri hivyo tangu asubuhi, nisikufiche. Lakini nimechoka kukaa mahali ambapo swali haliwezi kunifikia. Nitakupa hii mkononi ukiingia tu, hata kabla hujavua viatu vya misa, na nitaketi mbele yako mpaka uimalize. Uliza unachotaka. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Kama kwa muda hutaweza kuniita papa, niite unavyoweza, nitaitika.

Na ukienda kesho, uende ukijua hili moja: kule Lubumbashi, Chef anamngoja mtoto wa Papa Ilunga. Naomba asimpate.

Ilunga